Chombo cha anga chenye taa kwa vifaa vya mtaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa Arusha, kwa ajili ya mtu wa Arusha au Moshi anayetaka kujenga kwa mikono yake chombo kidogo cha anga cha kubuni, cha kukaa juu ya kabati, chenye madirisha yanayowaka na injini inayong'aa. Popote ninaposema "chombo", fikiria meli ya mizigo ya angani yenye urefu wa sentimita 30 hivi, iliyoundwa kwa bomba la plastiki na vikorokoro. Ukiamua kujenga kituo cha anga au gari la kutembelea Mirihi, kanuni ni zilezile.

Nianze na mwili wa chombo au na taa?

Taa. Kabla hujakata chochote, chora chombo kwa ukubwa wake halisi, kwa ubavu na kwa juu, kisha weka alama kila mahali mwanga utakapotokea. Halafu jiulize taa itakaa wapi, waya utapita wapi, na vidole vyako vitaingilia wapi siku taa hiyo ikifa. Hilo la mwisho ndilo wengi hulikwepa, wakajikuta wanavunja chombo kizima kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka. Acha mfuniko mmoja, wa tumboni au mgongoni, unaoshikwa kwa skrubu ndogo au sumaku. Spika mbovu za simu na za redio ndogo zina sumaku nzuri, na fundi wa jirani kwa kawaida anazitupa.

Kubali pia mapema kwamba kuwasha taa ndiyo kazi ndogo kuliko zote. LED, yaani kile kitaa kidogo cha kielektroniki, inawaka dakika ileile unapoiunga. Kazi kubwa ni kuuzuia mwanga usitokee pale usipoutaka, na hilo haliwezekani tena baada ya kuta kugandishwa. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu kuzuia mwanga, kwa namna moja au nyingine.

Siwezi kununua modeli ya kiwandani nikaongeza taa?

Unaweza, ukiipata. Ila utalipia boksi lililotoka mbali, kisha utafanya kazi hiyohiyo ya waya ndani ya nafasi uliyopangiwa na mtu mwingine.

Je, lazima kifanane na vyombo vya kwenye sinema?

Hapana, na ningekushauri kisifanane. Mafundi wa sinema wa miaka ya 1970, kabla kompyuta hazijaanza kuchora kila kitu, walichukua modeli za plastiki za vifaru, manowari na ndege, wakazing'oa vipande na kuvibandika juu ya maganda ya vyombo vyao ili vionekane vina mitambo. Walitumia kilichokuwa karibu nao. Kilicho karibu nawe ni kingine: keyibodi iliyokufa, kalamu za wino zilizoisha, vifuniko vya dawa ya meno, mota ya kichezeo, ubao wa saketi wa redio.

Meli ya mizigo iliyofanya safari za Mwezi kwa miaka arobaini ina kila sababu ya kufanana na kifodi cha hapa mjini: turubai juu, kamba zilizofungwa kwa haraka, mlango wa rangi tofauti na mwili, na maneno nyuma. Usiache kuandika maneno nyuma. Yachapishe kwenye karatasi ya stika kwa printa ya tona, maana wino wa printa ya kawaida unachuja ukipulizia vanishi juu yake.

Vifaa napata wapi?

Anza kwa mafundi kabla ya maduka. Fundi redio na fundi simu wana ndoo au boksi la mabaki, na ndani yake mna LED, rezista za kupunguza umeme, swichi, waya mwembamba, soketi za kuchajia na skrubu ambazo hutazipata kwenye duka lolote la hadwea. Mwambie unajenga nini. Wengi wanapenda kusikia, na kipande unachokitafuta wanakijua kwa sura kuliko wewe unavyokijua kwa jina. Kwa Arusha, gereji na karakana za Unga Limited zinafaa kwa mabaki ya bomba, bati, puti ya magari na rangi ya kupuliza. Kwa Moshi, mitumba ya Kiboriloni na Memorial ni mahali pa kupitapita ukitafuta vichezeo vilivyovunjika. Usitafute kichezeo kizima, tafuta umbo: nusu ya mpira, gurudumu lenye meno, mkebe wenye mbavu.

Vitu viwili nakuomba usiviache ukivikuta. Cha kwanza ni antena ya redio ya kuvuta. Ni mirija ya chuma iliyo wazi ndani, inayoingiliana, hivyo kipande kimoja kinakuwa bomba la injini, kingine mlingoti, na kile kinene zaidi kinakuwa mguu wa kusimamishia chombo huku waya zikipita ndani yake bila kuonekana. Cha pili ni boksi la maziwa au juisi ya kukaa muda mrefu. Ndani lina tabaka la alumini, kwa hiyo halipitishi mwanga hata chembe, na uso wake wa fedha unaurudisha mwanga unakotaka. Nitalirudia tena huko mbele.

Kitako cha kuwekea chombo mwombe seremala. Mabaki ya mninga yanakaa vizuri chini ya kitu cha kijivu.

Gundi yangu haishiki. Shida ni gundi au plastiki?

Mara nyingi ni plastiki. Geuza kipande utafute pembetatu ya mishale yenye namba ndani.

Namba 6 ni polistirini, rafiki wa mjenzi: baadhi ya vikombe vya mtindi, na plastiki hiyohiyo ndiyo ya makasha magumu ya CD hata kama hayana namba. Inakatika kwa kukwaruzwa kwa wembe na kukunjwa, inashika gundi na inapokea rangi. Namba 3 ni PVC, yaani bomba za maji taka na zile za kupitishia waya za umeme. Gundi ya mabomba inazishikanisha kwa kuyeyusha nyuso zao, kiungo kikawa kama kipande kimoja. Namba 2, 4 na 5 ni familia ya polithini na polipropilini: vifuniko vya chupa, madumu, ndoo, vyombo vya chakula. Hizi hazishiki gundi wala rangi kwa kawaida. Ukilipenda umbo la kifuniko hivyohivyo, kikwaruze kwa msasa wa namba 120, kibane kwa skrubu au waya, na usitegemee gundi peke yake.

Mtego wa dukani ni bomba la kijani la maji ya moto, PPR. Linapendeza na ni imara, lakini ni polipropilini. Fundi bomba hulichomelea kwa joto kwa sababu hiyo. Liache.

Kwa viungo vya haraka tumia gundi ya matone, ile inayogandisha vidole. Ukinyunyizia bikaboneti ya soda juu yake, ile ya jikoni, inakuwa ngumu papo hapo, ukaweza kuziba pengo na kupiga msasa muda huohuo. Usiidondoshee kwenye pamba au kitambaa cha pamba, kwa sababu inapata moto wa kuunguza. Tena iweke mbali na plastiki inayoangaza: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Vioo vya madirisha vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, inakauka ikiwa haionekani.

Bomba la PVC usilikate wala kulitoboa kwa chuma cha moto. Moshi wake una asidi na unaumiza mapafu. Tumia msumeno wa chuma na keekee ya mkono.

Madirisha yawe makubwa kiasi gani?

Swali hili ndilo linaloamua kama chombo chako kitaonekana kikubwa au kitaonekana kichezeo. Jicho la mtazamaji halina kingine cha kupimia. Halijui meli ya angani ina urefu gani, lakini linajua dirisha ni la mtu. Chukua dirisha la mita 1. Ukilichora kwa milimita 10, umesema kila sentimita ni mita moja, na chombo chako cha sentimita 30 kina mita 30, sawa na lori refu na tela lake na nafasi kidogo. Ukilitoboa kwa milimita 1, kila milimita ni mita, na chombo kilekile sasa kina mita 300. Plastiki ni ileile, gharama ni ileile.

Chagua kimoja na usichanganye. Kosa linaloua modeli nyingi nzuri ni mlango wa milimita 20 kando ya madirisha ya milimita 1. Vikorokoro navyo vifuate: kipande cha keyibodi chenye herufi bado zinasomeka kitatoboa uongo wako mara moja, kwa hiyo kigeuze au kipige msasa.

Tena usiwashe madirisha yote. Meli yenye watu ina wanaolala. Ziba kama theluthi moja, bila mpangilio, na mstari wa taa utapata uhai.

Nitumie LED gani na rezista gani?

LED ya milimita 3 inatosha kila mahali, na ya milimita 5 inafaa injini. Mguu mrefu ni chanya, na upande wa ukingo uliokatwa bapa ni hasi. Ukitaka kuijaribu bila kuunga chochote, bana miguu yake kwenye betri ya kitufe ya volti 3, ile CR2032.

LED haijui kujizuia. Ukiiacha na umeme mwingi kuliko inavyohitaji inakula hadi inaungua, ndiyo maana rezista ni lazima. Hesabu yake ni ya darasani: toa volti za LED kwenye volti za chanzo, kisha gawa kwa mkondo unaoutaka katika ampea. Nyekundu na ya njano hutumia volti 2 hivi, nyeupe na ya bluu volti 3 hivi. Kwa hiyo LED nyeupe kwenye chaja ya simu ya volti 5, kwa miliampea 10: 5 kutoa 3 ni 2, gawa kwa 0.01, unapata omu 200. Dukani chukua 220, yenye mistari nyekundu, nyekundu, kahawia.

Lakini miliampea 10 ni nyingi kwa dirisha. Kwenye maelezo ya LED utaona 20, na hicho ni kiwango cha juu, hulazimiki kukifikia. Kwa madirisha mimi huweka omu 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu), ambayo kwa chaja hiyohiyo inapitisha miliampea 2 tu kwa LED nyeupe na 3 kwa nyekundu. Usiku zinaonekana vizuri kabisa, na pakiti moja ya rezista hizo haiwezi kukuunguzia taa yoyote kwa volti 5. Kama una mashaka kati ya mwanga mwingi na mdogo, chukua mdogo.

Rangi nayo ina kisa. LED nyeupe ya kawaida ndani yake ni ya bluu, imefunikwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano. Nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini bluu yenye nguvu ilisubiri hadi miaka ya 1990, na waliofanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ule ubluu unabaki kwenye taa za bei rahisi, na ndani ya dirisha unafanya chombo kionekane kama friji iliyofunguliwa. Funga LED kwa karatasi ya pipi ya njano au ya chungwa inayopitisha mwanga, au tafuta LED nyeupe ya joto. Ubluu uachie injini.

Kwa nini nisitumie rezista moja kwa taa zote?

Kwa sababu LED hazifanani, hata za pakiti moja. Ukizipanga sambamba kwenye rezista moja, ile inayohitaji volti pungufu kidogo inavuta mkondo mwingi kuliko wenzake. Ukichanganya nyekundu na nyeupe ni wazi zaidi: nyekundu itawaka, nyeupe itakaa giza. Kila LED na rezista yake. Kama chanzo kina volti za kutosha unaweza kuzipanga mfululizo, mfano nyekundu tatu na rezista moja ya omu 330 kwenye betri ya volti 9.

Naona bodaboda na bajaji zina mikanda ya LED. Inafaa?

Inafaa kwa sehemu pana, kama tumbo la chombo au mlango wa kuegesha. Mikanda ile ni ya volti 12, na kila kipande cha taa tatu kina rezista yake, kwa hiyo kata kwenye alama tu. Kwenye chaja ya volti 5 haiwaki, na kwa volti 9 inawaka hafifu, jambo ambalo huenda ndilo unalolitaka. Usiiunganishe kwenye betri ya gari bila fyuzi. Betri ile inaweza kuyeyusha waya mwembamba kabla hujanyanyua mkono.

Umeme wa kuwashia chombo utoke wapi?

Chaja ya simu ya volti 5 kama kinakaa mahali pamoja. Betri tatu ndogo za AA, volti 4.5, kama kinahama au kama umeme wa mtaani kwako unakatika mara kwa mara. Taa 12 za miliampea 5 zinakula 60 kwa jumla, na betri za alkali za AA zina miliampea-saa 2,000 au zaidi, kwa hiyo utapata saa 30 na kitu. Betri ya volti 9 ya mraba ni ghali kwa kilichomo ndani: ina robo tu ya hizo.

Powabanki inasumbua. Nyingi zinajizima zenyewe baada ya muda mfupi zikiona mkondo ni mdogo, kwa kudhani simu imeshajaa. Chombo chako kinakula kidogo mno hadi hakihesabiki. Si kwamba umeunga vibaya.

Seli za betri kuukuu za laptopu zinapatikana kwa mafundi na watu watakushawishi. Zina nguvu, lakini zikigusana ncha zake zinaweza kuwaka moto. Bila saketi ya ulinzi, usizifungie ndani ya plastiki ukalala nazo nyumba moja. Umeme wa ukutani, volti 230, usiuingize ndani ya chombo kwa namna yoyote.

Chombo kizima kinang'aa kama taa ya kandili. Nifanyeje?

Hapa ndipo kazi ilipo. Plastiki nyeupe, hata nene, inapitisha mwanga. Mchana huoni, usiku unaona kuta zinawaka kuliko madirisha.

Ndani ya ganda paka rangi nyeusi, mara mbili, hadi kwenye kona. Ikikauka, paka nyeupe au fedha juu ya nyeusi. Nyeusi inazuia, nyeupe inarudisha mwanga ndani ili uende kutafuta dirisha. Wanaopaka nyeupe peke yake wanashangaa kwa nini bado mwanga unavuja, na wanaopaka nyeusi peke yake wanaongeza taa bila sababu. Kisha zima taa za chumba, ingiza tochi ya simu ndani ya ganda, na ulizungushe taratibu. Kila kiungo kitajionyesha chenyewe kwa mstari mwembamba. Ziba kwa puti, rudia. Fanya hivi kabla ya rangi ya nje, maana ukishapaka nje utaona huruma kukwaruza.

Dawa ya pili, na kwa maoni yangu bora zaidi, ni kuacha kuwasha chombo na badala yake kuwasha vyumba. Kata lile boksi la maziwa, ukunje kijisanduku kidogo chenye fedha kwa ndani, ukibandike nyuma ya kundi la madirisha na LED moja ndani yake. Mwanga wa chumba kimoja hauvuki kwenda kingine. Unaweza kuwa na chumba cha nahodha chenye mwanga wa njano, ghala lenye nyekundu, na katikati giza tupu, bila kugombana. Kingo zilizokatwa zinaonyesha alumini, nayo inapitisha umeme, kwa hiyo zivalishe utepe waya zisije zikagusana hapo.

Mbele ya kila LED weka kitu cha kutawanya mwanga, ili mtazamaji asiione nukta kali nyuma ya dirisha. Zamani mfuko mweupe wa rambo ulikuwa unafanya kazi hii, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Karatasi nyembamba ya kunakilia michoro, ile ya wachora ramani, ni bora zaidi kwa vyovyote.

Vitundu vya milimita 1 natoboaje bila kupasua?

Kwa kisindano cha keekee kilichobanwa kwenye kishikio cha mkono, ukizungusha kwa vidole. Keekee ya umeme ina kasi inayoyeyusha polistirini na kitundu kinajifunga nyuma yake. Chora mstari kwa penseli, choma alama kwa ncha ya pini kwanza, halafu toboa. Mstari mzima ukipinda kidogo hakuna atakayeona, ila vitundu vikipishana kwa urefu vitaonekana hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Kama una nyuzi za kupitisha mwanga, zile za taa za mapambo zenye umbo la ua, kila kitundu kipe uzi wake, ukusanye nyuzi zote mbele ya LED moja. Zishike kwa gundi nyeupe, kwa kuwa gundi ya matone inazifanya zikatike. Mshipi wa kuvulia usio na rangi unaweza kusaidia kwa umbali wa sentimita chache tu.

Taa za kupepesa je?

Kwanza nenda ukaangalie ndege halisi ikishuka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) usiku. Utaona nyekundu ya bawa la kushoto na kijani ya bawa la kulia haziwaki na kuzima, zimetulia. Zinazopepesa ni nyekundu ya mwilini na nyeupe kali. Wajenzi wengi wanapepesa zote, chombo kinakuwa mti wa Krismasi.

Njia rahisi ni LED inayopepesa yenyewe, inauzwa hivyo. Njia yenye raha ni saketi ya NE555, kijidudu cha miguu minane alichokibuni Hans Camenzind mwaka 1971 na ambacho hadi leo utakikuta kwenye boksi la fundi. Kasi yake ni 1.44 gawa kwa zao la kapasita (kile kifaa kinachotunza umeme kidogo) na jumla ya rezista ya kwanza na mara mbili ya ya pili. Weka omu 1,000, omu 68,000 na kapasita ya mikrofaradi 10, upate mpepeso mmoja kwa sekunde. Kwa volti 5 inafanya kazi bila shida. Ukitaka ipepese polepole zaidi, ongeza kapasita. Chombo kikubwa kipepese polepole.

Injini iwe na rangi gani?

Bluu kama ni mpya, chungwa kama imechoka. Mishumaa bandia ya betri, ya kupambia kumbi za harusi, ina LED inayotetemeka yenyewe. Iweke ndani ya mrija wa antena nyuma ya karatasi ya kunakilia, na injini moja itaonekana inahitaji fundi.

Rangi ya nje inatoka madoa. Ni rangi mbovu?

Mara nyingi ni hali ya hewa. Wakati wa masika unyevu unaacha ukungu mweupe juu ya rangi ya kupuliza, na Juni na Julai Arusha kopo lenyewe ni baridi, linatema matone badala ya vumbi. Liweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Kamwe si kwenye moto, na usipulize karibu na jiko, kwa sababu gesi yake inawaka. Mjini Moshi shida hii ni ndogo, ila rangi inakauka haraka, basi sogea karibu kidogo.

Rangi ya magari inayeyusha polistirini ikimwagwa nene, na polistirini ile nyepesi nyeupe ya kufungia televisheni mpya inalika kabisa. Pulizia ukungu tu, subiri, rudia. Uchakavu unatokana na masizi, mkaa uliosagwa na chaki, vikipakwa kwa brashi kavu kuelekea upande ambao uchafu ungeelekea. Kwenye mifereji pitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni, kisha futa juu.

Mwanangu ana miaka tisa. Anaweza kushiriki?

Ndiyo: kuchora, kuchagua vikorokoro, kubandika, kupaka, na hasa kuamua nani anaishi ndani. Wembe, kulehemu na gundi ya matone viwe vyako. Risasi ya kulehemu ina madini ya risasi, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kula. Na betri za kitufe zifungiwe kwa skrubu. Mtoto mdogo akiimeza, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Apelekwe hospitali hapohapo, hakuna kusubiri itoke yenyewe.

Kwenye picha madirisha yanakuwa madoa meupe.

Simu inaona giza na kuongeza mwanga. Gusa dirisha kwenye kioo cha simu, shikilia hadi ijifunge, kisha shusha mwanga hadi uone kingo za dirisha. Washa taa moja hafifu chumbani, upande mmoja, ili ganda lisipotee.

Nimeshafunga kila kitu, taa moja imezima. Nianzie wapi?

Usibomoe kwanza. Tikisa chombo taratibu: ikipepesa, ni kiungo kilicholegea, na mara nyingi kiko pale waya unapoingia kwenye mguu wa kusimamishia, kwa sababu hapo ndipo unapopindwa kila unapokishika. Kama haipepesi, fungua mfuniko na upime volti kwa mita ya umeme kwenye miguu ya LED. Ukikuta volti 5 kamili, LED imekufa au imewekwa kinyume. Ukikuta sifuri, rudi nyuma kwenye rezista, halafu waya. Ukikuta volti 2 au 3 zake za kawaida, LED inapata umeme na inawaka, ila kuna kitu kimeanguka mbele ya dirisha. Huwa ni kipande cha karatasi ya kunakilia kilichobanduka. Kibano kirefu kitakitoa.